Mashine Bila Mikono, Mikono Bila Kazi

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mahafali ya chuo kimoja cha ufundi stadi hapa Masasi. Wazazi wengi walikosa kufika kwa sababu korosho zimeanza kuanguka na hazimsubiri mtu, wakaomba waipate yote. Nimeiandika kama ilivyotoka. Nilichopunguza ni salamu za itifaki, na pale kipaza sauti kilipokata.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wahitimu mnaotoka jasho ndani ya majoho: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimepewa mada ndefu: elimu, mafunzo ya kazi na ukuaji wa uchumi wa taifa. Mada kama hii ikizungumzwa Dodoma inakuja na chati ukutani. Mimi sina chati. Mimi ni fundi mitambo niliyegeuka mwalimu, nimestaafu, na maisha yangu yote nimeyaishi Kusini hii. Nitawapa visa, nanyi mtaona wenyewe uchumi umekaa wapi ndani yake.

Kwanza niulize. Nani hapa hajawahi kuambiwa kwamba elimu ni ufunguo wa maisha? Hakuna. Wote mmeambiwa. Haya, nani hapa ana mtoto nyumbani mwenye cheti kwenye sanduku na hana kazi? Nyoosheni msiogope. Naam. Naona mikono mingi, na wengine mmeamua kuangalia chini.

Basi tusidanganyane leo. Ufunguo upo. Tumeuchonga kwa ada, kwa michango, kwa kuuza korosho kabla ya mnada kwa mtu wa kangomba, yule mnunuzi asiye rasmi, ili mtoto asirudishwe nyumbani. Ninachotaka tukiulize ni mlango. Mlango uko wapi, na nani alitakiwa kuujenga?

Kisa cha kwanza wazee mnakijua. Karanga.

Mwaka 1947 vita vikuu vimekwisha, Uingereza ina njaa ya mafuta ya kupikia. Serikali ya London ikaamua karanga zilimwe Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Mpango ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3 na pauni milioni 25. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Reli ikatandikwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Yakaletwa matrekta yaliyotumika, mengine yalitokana na vifaru vya kijeshi.

Baba yangu aliendesha moja ya matrekta hayo Nachingwea. Alitusimulia mpaka tukakariri. Alifundishwa gia, breki na usukani, basi, akapewa trekta. Siku moja likaanza kutoa moshi mweusi. Akaendelea kulima. Kwa nini aache? Hakuna aliyewahi kumwambia moshi mweusi maana yake nini. Alifikiri ndiyo linachapa kazi.

Mnacheka. Lakini mzidishe baba yangu kwa mamia. Kongwa, mwaka huohuo wa kwanza, matrekta mengi yalikuwa yamelala kabla hata mbegu haijaingia ardhini. Karakana hazikutosha, vipuri havikuwepo, na madereva walikuwa watu walioliona trekta kwa mara ya kwanza mwezi uliopita. Mvua nayo ikawa kidogo, udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu, na wenyeji waliokuwa wanaijua ile mvua na ule udongo hawakuulizwa. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Reli yetu nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikaondoka.

Fedha zilikuwepo. Mashine zilikuwepo. Ardhi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu anayejua moshi mweusi maana yake nini.

Sasa nije kwenye korosho, na hapa nitakaa, mnivumilie, maana hapa pana utamu na pana uchungu.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Tulikuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Serikali ikaona, na iliona sawasawa kabisa, kwamba haifai kila mwaka kupakia korosho ghafi kwenye meli ziende India, wakazibangue akina mama wa Kollam, kisha dunia inunue kwao. Ikakopa, ikajenga viwanda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa na viwanda 12, vingine vya mashine za Kiitaliano, vingine za Kijapani. Mtwara, Masasi hapa hapa, Newala, Lindi, Mtama, Nachingwea, Tunduru, mpaka Kibaha na Dar es Salaam. Kwa pamoja vingeweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Mimi niliingia kimojawapo nikiwa kijana, fundi msaidizi. Sitasema kipi, wapo humu tuliofanya kazi pamoja na wanajua. Mashine zilikuwa nzuri, unajiona ndani yake unapopita. Lakini kitabu cha matengenezo kilikuwa kwa lugha ya huko zilikotoka, na mtaalamu aliyeweza kukisoma alikaa mpaka mashine zilipowaka, tukapiga picha naye, akapanda ndege. Visu vya kukatia maganda vilipokuwa butu tulivinoa kwa tulivyojua. Tulivifunga kwa tulivyokumbuka. Kokwa zikaanza kutoka vipande vipande.

Ninyi mnaobangua nyumbani mnajua tofauti yake. Korosho nzima nyeupe ina bei yake, kipande kina bei yake, na bei hizo hazisalimiani. Katika biashara ya dunia kokwa nzima zinapangwa kwa madaraja: W180, W240, W320. Hiyo namba ni idadi ya kokwa zinazoingia kwenye ratili moja. Kokwa zikiwa kubwa, chache zinatosha kujaza ratili, na bei inapanda. Kwa hiyo korosho ileile, ya mkulima yuleyule, kutoka mkorosho uleule, inaweza kuwa mali ya thamani au makombo ya kuwekwa kwenye biskuti, na kinachoamua ni kisu kimenolewa vipi na nani amekifunga.

Mnataka kujua mafunzo ya kazi yanahusianaje na pato la taifa? Ndiyo hayo. Kisu butu kilikuwa kinakata fedha za kigeni za nchi hii kila dakika mashine ilipozunguka, na sisi tuliosimama pembeni yake tulikuwa na bidii sana. Bidii tulikuwa nayo. Tulifika kabla ya king'ora. Bidii hainoi kisu.

Halafu likaja kubwa zaidi. Viwanda vinakamilika, korosho hakuna. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 wakaiacha mikorosho yao mbali, porini. Bei ya mkulima ilikuwa ya kukatisha tamaa. Na ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya maua. Ua likipata huo, hesabu korosho hamna. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata tani 16,500 hivi. Kutoka 145,000! Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Baadaye vikauzwa, na vingine vikawa maghala. Maghala ya nini? Ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli ikabanguliwe kwa watu. Ningeyatunga haya mngesema mzee ametia chumvi.

Sasa sikilizeni na upande wa pili. Wakati sisi tunafunga, Vietnam walikuwa ndiyo wanaanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nao walikuwa wakiuza korosho ghafi India kama sisi. Wao hawakuanza na kiwanda kikubwa cha mkopo. Walianza na kuchemsha kwa mvuke na kile kikatio cha mkono na mguu, meza ya chuma ambayo fundi wa mtaani anaweza kuichomelea mwenyewe. Kikiharibika anaitwa fundi wa mtaa wa pili. Yule fundi anaona kasoro, anarekebisha, cha pili anakitengeneza bora kuliko cha kwanza. Mwaka hadi mwaka. Kufikia 2006 walikuwa wameipita India kwa kuuza nje korosho iliyobanguliwa. Leo korosho ghafi wanayobangua sehemu kubwa inatoka nje, Afrika tukiwamo, na mashine nyingi za kubangua zinazouzwa Afrika zimetengenezwa kwao.

Fundi aliyetengeneza meza ya chuma ndiye sasa anayetuuzia mashine. Mhitimu wa uchomeleaji, umenisikia? Nakuangalia wewe.

Na msidhani kwamba kwetu hakuna palipofanikiwa. Pamefanikiwa, tena pakubwa, ila kwa kuwa hapakuwa na joho wala cheti hatupahesabu kama elimu.

Nasemea salfa. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, pale nje kidogo ya Mtwara mjini, waliushughulikia ubwiriunga mpaka ikajulikana unga wa salfa unauzuia. Wakazalisha aina bora za mikorosho, wakafundisha watu kubebesha miche. Lakini salfa kwenye mfuko haimponyi mkorosho. Mtu alitakiwa ajue apulize lini na apulize saa ngapi. Nilikuwepo kwenye darasa moja la wakulima, Tandahimba, chini ya mkorosho, bwana shamba anaeleza: puliza alfajiri, umande bado upo kwenye maua na upepo umetulia, salfa itashika. Bibi mmoja akanyoosha mkono, akasema, "Mwanangu, mimi hupuliza saa nne nikishakunywa chai." Bwana shamba akamuuliza, saa nne upepo unaelekea wapi? Bibi akafikiri, akasema, "Kwa jirani." Kisha akakaa kimya kidogo, akaongeza: "Kumbe miaka yote hii namlimia mwenzangu."

Darasa la saa moja. Hakuna aliyepewa cheti. Msimu uliofuata yule bibi alijenga choo cha tofali.

Zidisheni na huyo bibi pia, kama tulivyomzidisha baba yangu. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna korosho tani 313,000 hivi. Kutoka 16,500. Sitaki kumpa mwalimu sifa ya peke yake: soko lilifunguliwa miaka ya 1990, bei ikampa mkulima sababu ya kurudi shambani, na stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ikaanza 2007. Bei nzuri bila ujuzi ingemfanya yule bibi apulize salfa nyingi zaidi kwa jirani. Na ujuzi bila bei, angebaki na maarifa yake akalime muhogo. Vilikutana mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mkitaka siri ya ukuaji wa uchumi, mimi sijui nyingine.

Wapo wataalamu wanaosema jenga shule, jaza watoto, uchumi utapanda wenyewe. Hilo nitalipita haraka kwa sababu tulishalijaribu. Azimio la Musoma 1974, elimu ya msingi kwa wote 1977, watoto wakajaa madarasani mpaka chini ya miembe. Lilikuwa jambo jema na mimi nalitetea mpaka leo. Lakini miaka ya 1980 ilipofika, walewale waliojua kusoma walikuwa wanapanga foleni ya sukari na sabuni. Kulikuwa na vita vya Kagera, mafuta yalipanda bei, viwanda vilikosa vipuri. Kusoma hakukufuta hayo.

Ila nisieleweke vibaya kuhusu kusoma na kuhesabu. Hata huo ufundi mnaosherehekea leo unakaa juu ya hesabu za darasa la tano. Mzee mmoja rafiki yangu alirudi na karatasi yake ya malipo ya korosho. Yeye anajua jumla tu: nimepata, sijapata. Mjukuu wake wa darasa la saba akaichukua, akasoma makato moja moja, akasema, "Babu, kilo walizolipia si zile zilizoandikwa kwenye mzani." Wakarudi. Ilikuwa kosa la mwandishi, likarekebishwa, fedha ikapatikana. Yule mtoto siku ile aliiongezea nyumba yao kipato kuliko mbolea.

Sasa gesi. Najua mnaisubiri, na najua inauma.

Songo Songo gesi ilipatikana 1974. Mnazi Bay 1982. Miaka ile ya 2010 ikagunduliwa nyingine baharini, nyingi sana, mpaka tukawa tunahesabu trilioni za futi za ujazo vijiweni kama tunavyohesabu magoli. Bomba la kwenda Dar es Salaam likajengwa, likakamilika 2015. Ghasia za Januari na Mei 2013 hapa Mtwara, za kulipinga bomba hilo, mnazikumbuka, sitaki kuzifukua. Nasemea vijana.

Vijana wengi walikimbilia uchomeleaji. Kila mzazi alitaka mtoto wake achomelee bomba. Mmoja wao nilikuwa namfahamu tangu mdogo, kijana mtulivu, mkono wake hautetemeki. Akamaliza chuo, akapata cheti, ikaja nafasi ya majaribio kwa mkandarasi. Akapewa jaribio linaitwa 6G. Wachomeleaji mnalijua? Bomba linafungwa kwa mshazari, pembe ya nyuzi 45, halizungushwi. Unazunguka wewe. Unachomelea juu, ubavuni, chini ya tumbo lake, halafu mshono unapigwa eksirei. Kijipovu kimoja ndani ya mshono na umerudi nyumbani.

Alirudi nyumbani. Nikamuuliza, kule chuoni ulichomelea mabomba mangapi ya mshazari? Akasema, "Mwalimu, vijiti vya kuchomelea tulikuwa tunagawana. Bomba la mshazari nililiona kwenye picha."

Ndugu zangu, yule kijana alikuwa na elimu au hakuwa nayo? Cheti chake kilikuwa halali. Muhuri halali. Saini halali. Mkono wake ulikuwa haujala vijiti vya kutosha, basi. Ufundi unaingia mwilini kwa kurudia, na kurudia kunagharimu vijiti, umeme na chuma. Chuo kisicho na fedha ya vijiti kinafundisha michoro ya kuchomelea. Mkuu wa chuo anatabasamu, anajua ninapoelekea, na mgeni rasmi naye naomba aandike: vijiti.

Kuna la pili. Hata angefaulu. Bomba linapojengwa linahitaji mamia ya watu. Likishafukiwa linahitaji walinzi wachache na watu wa kusoma mita. Mitambo ya gesi ndiyo tabia yake, inakula mtaji mwingi na watu kidogo. Na kiwanda kile cha kusindika gesi kule Likong'o, Lindi, tunakizungumza miaka mingi sasa. Kikija kitukute tumejiandaa, sipingi. Lakini kumsomesha kijana kazi ya kiwanda kisichokuwepo, halafu tukamwambia asubiri, huko ni kumzeesha.

Yule kijana hakusubiri. Leo ana banda Mtwara, njia ya kwenda Mikindani. Anatengeneza mabodi ya pikipiki za magurudumu matatu, mageti, na kuanzia Mei mpaka Septemba anatengeneza mabomba ya kupulizia salfa. Mnajua yanavyokufa yale mabomba: kabureta imeziba, feni imepasuka, mtu anatupa bomba zima ananunua jipya la kutoka nje. Yeye anayafufua. Kila bomba linalofufuka kabla ya Juni ni mikorosho inayopulizwa kwa wakati. Hilo kwenye takwimu za taifa litaandikwa chini ya kilimo, jina lake halitatajwa, lakini mimi ninayejua moshi mweusi maana yake nini namwona pale ndani.

Sasa nizungumze na watu mmoja mmoja, na sitakuwa mpole.

Wenye viwanda na makampuni. Mwenye waajiriwa 10 na kuendelea analipa kodi ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara. Mnailalamikia. Halafu mnalalamika kwamba vijana wa vyuo hawajui kazi. Je, mmewahi kuja hapa mkasema mashine yetu ni ya aina hii, inaharibika hivi, tufundishieni watu sita? Umeshalipia, njoo udai. Kiwanda cha saruji kule Mtwara kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Kila tani inapita juu ya mkanda, na kila mkanda unazunguka juu ya beringi. Beringi ikilia, fundi akiisikia mapema ni nusu saa ya kubadilisha. Asipoisikia ni siku nzima ya kiwanda kulala. Bandari yetu imeongezewa gati la mita 300, korosho sasa inapakiwa hapa hapa, kreni zinahitaji watu wa haidroliki. Hiyo ndiyo milango iliyopo leo. Ipo, si ya kungojea. Tunachotaka ni uanagenzi wa kweli: kijana awe chuoni siku hizi, kiwandani siku zile, na kiwandani asipewe fagio.

Serikali. Imeanza kujenga vyuo 64 vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, karibu kila wilaya iliyokuwa haina. Sera mpya ya elimu imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, sekondari. Nashukuru kwa dhati. Nimesoma na Dira ya Taifa ya 2050: uchumi wa dola trilioni moja, kipato cha dola 7,000 kwa mtu. Kubwa, na mimi napenda mtu anayelenga mbali. Ila jengo ni rahisi kulizindua, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Hakuna anayezindua vijiti vya kuchomelea. Hakuna anayekata utepe wa mshahara wa mwalimu wa karakana aliyetoka kiwandani juzi na anajua mashine za leo. Na mimi naona nchi inapata faida zaidi kwenye hivyo viwili kuliko kwenye ukuta. Amali bila karakana itakuwa somo la kukariri kama historia, na mtoto atapata A ya kuchomelea bila kuungua hata kidole.

Wazazi. Nimesema sitakuwa mpole. Mwezi huu wangapi wamemtoa mtoto shule akaokote korosho? Sioni mikono, lakini nyuso naziona. Jando na unyago ni zetu, mimi mwenyewe nimepita na wanangu wamepita, lakini likizo zipo, kwa nini ngoma ichezwe wakati wa mitihani? Na akina baba, huyu binti aliyehitimu umeme wa majumbani leo, wapo watatu hapa, nimesikia mmoja baba yake hakuja kwa kuwa "hiyo si kazi ya mwanamke". Mpelekeeni salamu. Mwambieni nyumba yake ikipata shoti usiku atamtafuta binti.

Mafundi wa mtaani mliokuja kuchungulia tu kule nyuma. Nanyi mnanihusu. Mtu ana miaka ishirini anafungua injini, hana karatasi, akiomba zabuni anaulizwa cheti. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa unachokijua, mapengo unafundishwa, unapata cheti. Ulizeni ofisini kabla hamjaondoka.

Wahitimu. Nawapenda, kwa hiyo nitasema hili ambalo mteja hawaambii. Watu hawakimbii mafundi wa Kitanzania kwa sababu hawajui kazi. Wanakimbia "njoo kesho". Chukua daftari, andika kazi, andika siku, andika malipo ya awali yametumika kununua nini. Siku ukiona hutamaliza, piga simu wewe kabla hujapigiwa. Hilo halina mtihani na halifundishwi kwenye moduli yoyote, na nimewaona mafundi wa mkono mzito wakitajirika kwalo na mafundi hodari wakifunga banda kwa kulikosa.

Baada ya hotuba nilipewa nafasi ya maswali. Mengi yalikuwa ya pongezi, mawili nayaweka.

Mama mmoja wa Newala aliuliza: "Mwalimu, shikamoo. Binti yangu amemaliza kidato cha nne kapata sifuri. Nimweke wapi, au nimwache aolewe?" Nikamwambia: mama, marahaba, na asante kwa kuuliza mbele za watu. Sifuri ya kidato cha nne haimfungii kozi za ufundi. Mwulize kwanza yeye anataka nini, maana tunawapeleka wote ushonaji kama vile nchi nzima inahitaji magauni. Ubanguaji na usindikaji wa vyakula upo, umeme upo. Na hesabu arudie, hata jioni, kwa sababu mwenye kikundi cha kubangua asiyejua kukokotoa kwamba kilo nne au tano za ghafi zinampa kilo moja ya kokwa, na moto, na vibarua, na mifuko, atauza kwa hasara akidhani anapata.

Wa pili alikuwa mhitimu: "Mwalimu, mashine ya kuchomelea nanunua na nini?" Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nendeni kama kikundi, na nendeni na orodha ya wateja, msiende na ndoto. Nami nimezungumza na mkuu wa chuo tuwape wateja wa kwanza. Wazazi, kila mwenye bomba la salfa lililolala stoo alilete hapa chuoni kuanzia Jumatatu. Utalipa vipuri, ufundi ni bure kwa mwezi huu, na jina la aliyelitengeneza litabandikwa juu yake pamoja na namba yake ya simu. Najua Juni ni mbali. Juni ikifika kila fundi ana foleni, na wale wa nje ya foleni mtakuja kunililia mimi.